Aliyepewa bure aseme amepewa bure

Katoni ya krimu ya ngozi ikitoka Nairobi kwenda Arusha husimama Namanga. Ofisa forodha huuliza karatasi zake, na ofisa wa viwango anaweza kuifungua aone kilichomo. Video ya dakika mbili inayoisifu krimu hiyo haisimami popote. Inaweza kurekodiwa Nairobi asubuhi, mchana ikatazamwa Kigoma, na kabla jua halijazama ikawa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Bujumbura na Goma. Haiulizwi karatasi. Na mara nyingi anayeitazama hana njia ya kujua jambo moja ambalo lingebadilisha namna anavyoisikiliza: je, huyu anayesifu ameinunua dukani kama watu wengine, au ameletewa na kampuni bila kutoa hata senti?

Swali hilo linaonekana dogo. Kwa mwenye fedha nyingi ni dogo kweli, maana akinunua kisichofaa atakitupa na kununua kingine. Kwa mama muuza samaki aliyedunduliza miezi mitatu ili anunue simu, si dogo. Wala si dogo kwa kijana aliyekopa kwenye kikundi anunue mashine ya kunyolea kwa kuwa ameiona ikisifiwa mtandaoni. Na inapokuwa bidhaa ya kupakwa mwilini au kumezwa, hasara ya kudanganyika haihesabiwi kwa shilingi wala kwa faranga.

Nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zimefanya kazi kwa miaka mingi kuondoa vikwazo ili bidhaa zipite. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Lakini sifa za bidhaa, ambazo leo ndizo zinazomfanya mnunuzi atoe fedha mfukoni, zimeachwa zijiendee bila utaratibu wa pamoja. Wakati umefika wa kuwa na kanuni moja, fupi, inayoeleweka kuanzia Mombasa hadi Kinshasa: anayesifu bidhaa aliyopewa bure aseme kwamba amepewa bure.

Zawadi hufunga ulimi

Ni vyema kwanza kueleza kosa liko wapi, kwa sababu wengi hulitafuta mahali ambapo halipo. Kupokea zawadi si kosa. Kampuni ya simu inayotoa toleo jipya ina haki ya kuwapelekea watu wanaojua simu ili waijaribu. Hoteli ya Diani au Nungwi ina haki ya kumwalika mwandishi wa masuala ya utalii alale siku mbili. Mwanablogu naye ana haki ya kupokea. Kazi yake ina gharama: bando, simu nzuri, taa, mtu wa kuhariri picha, na siku nzima ya kurekodi kipande cha dakika tatu. Biashara ni matangazo, na vijana wengi wa ukanda huu wamejipatia riziki halali kwa kazi ambayo wazazi wao hawakuijua.

Kosa linaanza pale zawadi inapofichwa. Mtazamaji anaamini anamsikiliza mtu kama yeye, aliyenunua kitu, akakipenda, akaona awaambie wenzake. Hana ile hadhari anayokuwa nayo tangazo linapopita redioni. Imani hiyo ndiyo inayonunuliwa. Kampuni ingekuwa inatafuta sauti nzuri tu, ingekwenda studio. Inamfuata mwanablogu kwa sababu watu wake wanamwamini kama ndugu, na imani hiyo si mali ya mwanablogu peke yake. Watazamaji ndio walioitoa, bure, na wanastahili kujua inapouzwa.

Watetezi wa ukimya husema zawadi haimlazimishi mtu kusema uongo. Ni kweli. Lakini watu wa ukanda huu wanajua zawadi inavyofanya kazi. Mgeni aliyekaribishwa pilau hasimami mbele ya mwenyeji akasema limezidi chumvi. Hakuna aliyemkataza, ila adabu imemfunga. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kinyume chake ni kweli vilevile: uliojaa hulambwa hata pale usipostahili. Mwanablogu aliyepelekewa simu anajua kwamba toleo jingine litatoka mwakani, na kwamba orodha ya watakaopelekewa iko mezani kwa ofisa masoko. Akisema betri inakwisha kabla ya saa nane mchana, huenda jina lake likafutwa. Basi hatasema uongo. Atazungumza sana kuhusu kamera na kupita haraka kwenye betri. Mnunuzi atakuja kuijua betri mwenyewe, akiwa ameshalipa.

Zawadi yenyewe ina sura nyingi. Kuna simu ya kuazimwa inayorudishwa baada ya wiki mbili, na kuna ya kubaki nayo. Kuna anayelipwa fedha juu ya bidhaa aliyopewa. Kuna anayepata kamisheni kila mtu anaponunua kwa namba yake ya punguzo. Kuna anayesifu duka la dada yake bila kutaja undugu. Kila sura ina uzito wake, na mtazamaji anaweza kuupima mwenyewe kwa akili yake, mradi aambiwe. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hakuna ubaya kumsikiliza mwamba ngoma, lakini wasikilizaji wajue kwamba ngoma ni yake.

Funzo la gauni moja

Tatizo hili halikuzaliwa Afrika Mashariki, na nchi nyingine zimeshalihangaikia kiasi cha kuacha mafunzo. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilikuwa na mwongozo wa matangazo ya watu wanaosifu bidhaa tangu mwaka 1980. Mwaka 2009 iliurekebisha ili uwaguse wanablogu, na marekebisho hayo yakaanza kutumika Desemba 1 mwaka huo. Mfano mmojawapo ulioandikwa ndani yake ni wa mwanafunzi wa chuo anayejulikana kwa kuandika kuhusu michezo ya video. Kampuni ikimpelekea mashine ya michezo bure, naye akaiandikia, anatakiwa aseme ameipataje, kwa kuwa wasomaji wake hawawezi kulibashiri hilo.

Miaka michache baadaye ikaja kesi iliyoonyesha ukubwa wa jambo. Mwaka 2015 maduka ya Lord & Taylor yaliwapa watu 50 maarufu wa mitindo kwenye Instagram gauni moja lilelile, kila mmoja akalipwa kati ya dola 1,000 na 4,000, na wote wakatakiwa wapige picha wakiwa wamelivaa na kuziweka mwishoni mwa wiki ileile. Mkataba uliwataka wataje jina la duka na alama ya reli ya kampeni. Haukuwataka waseme kwamba wamepewa gauni na kulipwa. Picha hizo ziliwafikia watumiaji milioni 11.4, na gauni likaisha madukani. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilimaliza shauri na FTC kwa kukubali amri ya kutorudia mchezo huo.

Jambo la kuzingatia katika kesi hiyo ni nani aliyebanwa. Waliovaa gauni hawakuburuzwa popote. Iliyobanwa ni kampuni iliyopanga, iliyoandika mkataba na iliyofaidi mauzo. Huo ni mwelekeo wa busara, na utafaa hapa pia. Binti wa miaka 20 anayerekodi chumbani kwake Mwanza hana wakili. Kampuni iliyompelekea katoni ya losheni inaye.

Uingereza nayo ilichukua njia yake. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliwafanya watu maarufu 16 waahidi kuweka wazi wanapolipwa au kupewa zawadi na kampuni. India ilitoa mwongozo mwaka 2023 unaohesabu bidhaa za bure, safari na malazi ya hoteli kuwa faida inayopaswa kutajwa. Afrika Kusini imeacha sekta ya matangazo ijisimamie yenyewe kupitia bodi yake, ambayo ina kanuni za mitandao ya kijamii. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi: sheria ya Juni 2023 inamtaka mshawishi wa mtandaoni aonyeshe waziwazi kwamba anatangaza, inazitaka pande zote mbili ziwajibike, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000.

Si lazima Afrika Mashariki ifuate ukali wa Ufaransa. Kifungo kwa kosa la kutotaja losheni ni rungu la kuulia mbu. Lakini nchi zote hizo, pamoja na tofauti zao za sheria na mila, zimekubaliana juu ya jambo moja: mnunuzi anastahili kujua.

Tamko la Kiswahili

Kuna sehemu moja ambapo mwongozo wa Afrika Mashariki hauwezi kunakiliwa kutoka kokote, nayo ni lugha na njia ambayo watu wa huku hupata habari.

Baadhi ya waandaaji wa maudhui wa ukanda huu tayari hutaja uhusiano wao na kampuni, na wanastahili pongezi. Lakini tazama linavyofanyika. Mtu anazungumza Kiswahili safi kwa dakika tano, anataja bei, anataja duka, anacheka na watazamaji wake. Kisha ukweli wa kwamba amelipwa unawekwa kwa herufi mbili za Kiingereza, #ad, chini kabisa, nyuma ya alama za reli kumi. Bibi wa Tabora hazijui herufi hizo. Fundi wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa hazijui pia. Hapo limefanyika tamko la kumridhisha mkaguzi, na mnunuzi ameachwa gizani.

FTC yenyewe, katika maelekezo yake kwa wanaosifu bidhaa mitandaoni, inasema tamko liwe kwa lugha ileile inayotumika kusifu. Kanuni hiyo ina maana kubwa zaidi hapa, ambapo mtu mmoja anaweza kutumia lugha tatu kwa siku moja. Anayesifu kwa Kiswahili atamke kwa Kiswahili. Anayesifu kwa Kirundi, Kinyarwanda, Luganda au Lingala afanye hivyo kwa lugha hiyo. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya, na hakipungukiwi maneno. Sentensi tano zinatosha kwa karibu kila hali: "Kampuni imenipa bidhaa hii bure." "Nimelipwa kuizungumzia." "Nimeazimwa, nitairudisha." "Ukinunua kwa namba yangu, napata kamisheni." Na ya tano ni ya heri kwa anayeweza kuisema: "Nimeinunua kwa fedha zangu."

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka sentensi hiyo. Katika ukanda huu video haikai pale ilipozaliwa. Hupakuliwa na kutumwa WhatsApp, ikawekwa kwenye hali ya mtu, ikatumwa tena kwa shangazi, kisha kwenye kundi la kikoba. Maelezo yaliyoandikwa chini yake hubaki nyuma. Kinachosafiri ni picha na sauti tu. Kwa hiyo tamko lililo kwenye maelezo ni sawa na lebo iliyobandikwa kwenye kifuniko cha katoni. Chupa zikishagawanywa, lebo haipo. Tamko litamkwe kwa mdomo au liandikwe juu ya picha yenyewe, mwanzoni, kabla sifa hazijaanza. Na wanaouza moja kwa moja mtandaoni kwa saa mbili au tatu walirudie, kwa sababu watazamaji huingia na kutoka kama abiria wa daladala.

Bidhaa za mwilini

Kwa simu au sufuria, sentensi moja inatosha. Kwa bidhaa zinazogusa mwili haitoshi, na vipodozi vya kung'arisha ngozi ni ushahidi.

Watu wa Tanzania huuita mkorogo. Katika nchi zote za Jumuiya zinapatikana krimu na sabuni za kujichubua, nyingine zikiwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kufanyia biashara vipodozi vyenye zebaki kupita kiwango cha sehemu moja kwa milioni. Nchini Rwanda, baada ya Rais Paul Kagame kutaka hatua zichukuliwe mwishoni mwa 2018, maofisa waliingia madukani mapema 2019 kuondoa vipodozi vilivyopigwa marufuku.

Duka linaweza kuingiwa. Lakini msichana anayeonyesha uso wake wa "kabla" na "baada" kwenye simu, akitaja namba ya kuagizia, hana rafu za kukaguliwa. Akipewa krimu bure kwa miezi sita, ngozi yake yenyewe imegeuzwa ubao wa matangazo, na yeye ndiye wa kwanza kudhurika. Kwake kanuni hii ni kinga pia. Kampuni inayolazimika kuandika kwamba imempa bidhaa fulani, tarehe fulani, haiwezi kumkana baadaye akianza kuumwa.

Dunia iliwahi kutambua kwamba kuna zawadi ambazo hata zikitajwa hazifai. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, na miongoni mwa yaliyokatazwa ni kampuni kuwapa wajawazito na kina mama sampuli za bure za maziwa ya kopo. Sababu ilikuwa wazi: kopo la kwanza la bure humfanya mama aache kunyonyesha, na kopo la pili hununuliwa. Hekima hiyohiyo inafaa kwa dawa, bidhaa za kupunguza unene na vipodozi vya kubadili rangi ya ngozi. Kampuni isiruhusiwe kumpa mtu bidhaa hizo azisifu kama hazijathibitishwa na mamlaka ya nchi anakotoka na ya nchi zinakouzwa.

Sheria zipo

Hakuna haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Sheria ya Kulinda Walaji ya nchi hiyo ni ya mwaka 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Rwanda ilitunga sheria ya ushindani na kulinda walaji mwaka 2012. Jumuiya yenyewe ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2006, ambayo inataja pia maslahi ya walaji, na ina Mamlaka ya Ushindani yenye makao Arusha.

Sheria hizo ziliandikwa kwa kuwafikiria wenye maduka, viwanda na mabango ya barabarani. Zinasema usimpotoshe mnunuzi, lakini mtu aliyepewa losheni bure hajioni ndani yake, na wala ofisa wa kampuni hajioni. Kinachokosekana ni mwongozo mmoja unaovuka mipaka, wenye mifano inayoeleweka, unaomwambia kila mmoja wao afanye nini Jumatatu asubuhi. Mamlaka ya Arusha ina nafasi ya kuwaita wasimamizi wa nchi wanachama, vyama vya walaji, vyama vya wanablogu na kampuni za matangazo, wakae meza moja wauandike. Bila hivyo kila nchi itatunga wake kwa wakati wake, na kampuni itahamishia kampeni kwenye nchi isiyo na kanuni, huku watazamaji wakibaki walewale.

Serikali hazina kisingizio cha kusema kazi hii ni mchezo wa watoto. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupingwa. Kama kazi hiyo ni biashara siku ya kukusanya kodi, ni biashara pia siku ya kumlinda mnunuzi.

Isigeuzwe leseni

Hapa panahitaji tahadhari, na wanablogu wana kila sababu ya kuwa na wasiwasi. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania ziliwataka wanablogu wawe na leseni, kwa ada zilizofikia zaidi ya Sh2 milioni kwa kuanzia. Baadhi walisimamisha kazi. Kanuni hizo zilikuja kurekebishwa na ada kupunguzwa, lakini kovu limebaki. Mwaka huohuo Uganda iliwatoza wananchi Sh200 za nchi hiyo kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kodi iliyoondolewa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya bando. Mtu aliyepitia hayo akisikia neno "kanuni", hushika mfuko wake, kisha mdomo wake.

Kwa hiyo mwongozo unaopendekezwa uwe mwembamba na ubaki mwembamba. Usihitaji leseni, usajili wala ada. Usiguse anayeikosoa serikali, anayeandika kuhusu bei za mahindi, wala anayelalamika kuhusu barabara ya kijijini kwake. Uguse jambo moja tu: sifa za bidhaa au huduma ambazo msemaji amepata kitu kwa kuzitoa. Usimamiwe na vyombo vya ushindani na walaji, usiwekwe chini ya vyombo vinavyosimamia siasa za mawasiliano. Na mzigo wa kwanza uwe wa kampuni. Itunze orodha ya iliowapa bidhaa, iandike sharti la tamko katika makubaliano yake, na ikiona limekiukwa idai lirekebishwe. Mwanablogu anayekosea mara ya kwanza aelekezwe, mara ya pili aonywe na kutakiwa arekebishe, na faini ije mwisho, kwa kiwango kinacholingana na alichopata.

Lipo pia dai kwamba uwazi utaua soko, kwamba mtazamaji akisikia neno "bure" ataondoka. Wako watakaoondoka. Wengi watabaki, kama wanavyobaki kusikiliza mtangazaji wa mpira akitaja mdhamini kisha akaendelea na mchezo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni inayoiamini bidhaa yake haina sababu ya kuogopa maneno manne ya kweli. Na mwanablogu anayesema leo kwamba amepewa bure ataaminiwa kesho atakaposema amenunua mwenyewe. Anayenyamaza mara zote mbili hana namna ya kuwatofautishia watu wake.

Magazeti yaanze

Pia haitakuwa haki kwa vyombo vya habari kunyooshea vidole vijana wa mitandaoni huku vikifunika vya kwao. Mwanablogu hakuibuni bahasha. Alizaliwa akaikuta kwenye mikutano ya waandishi. Miiko ya taaluma inamkataza mwandishi kupokea zawadi inayoweza kupindisha kazi yake, lakini safari za kulipiwa na wenye hoteli zimekuwapo, simu zimegawiwa kwenye uzinduzi wa simu, na kurasa zilizolipiwa zimechapishwa kwa sura ya habari, neno "tangazo" likiwekwa kwa herufi za kutafutwa kwa miwani.

Magazeti, redio na televisheni za ukanda huu, likiwamo gazeti hili, yanapaswa kuwa ya kwanza kutii kanuni ambayo yanataka wengine waitii. Habari ya utalii iseme nani alilipia tiketi na chumba. Uchambuzi wa gari au simu useme kama kifaa kimerudishwa. Ukurasa uliouzwa uandikwe "Tangazo" kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama kwenye basi. Vyombo vya habari vikifanya hivyo, vitakuwa na haki ya kuwaambia wengine wafanye, na wahariri watakuwa na jibu pale mwanablogu atakapowauliza kuhusu bahasha.

Kisha kazi iende Arusha. Mawaziri wa biashara wa nchi wanachama wakutanapo hujadili nafaka, saruji, sukari na maziwa, na wanafanya vyema, kwa kuwa watu hula nafaka na kujenga kwa saruji. Wapange saa moja ya kujadili pia maneno yanayouza bidhaa hizo. Haitahitajika ofisi mpya wala magari mapya. Utahitajika mwongozo wa kurasa chache, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, na barua kwa kampuni kuzijulisha tarehe ya kuanza.

Wanablogu wenyewe hawana haja ya kusubiri barua hiyo. Anayerekodi video kesho asubuhi anaweza kuanza nayo. Anyanyue chupa, aseme jina lake kama kawaida, halafu kabla ya sifa yoyote aongeze: kampuni imenipa hii bure. Mama wa Kigoma aliyeishika simu kwa mkono mmoja na akiba yake kwa mkono mwingine atasikia, atafikiri, kisha ataamua mwenyewe kama anunue au asubiri.